Idadi ya Watu na Njia ya Kijiji: Mfano wa India

Mtu atakaye kujua hali ya kijiji cha India hana haja ya kubahatisha. Baada ya hesabu ya watu, serikali hutoa vitabu vya kila wilaya, navyo hueleza kijiji kwa kijiji: kaya ni ngapi, wanaume na wanawake ni wangapi, watoto wadogo ni wangapi, na wajuao kusoma ni wangapi. Kisha hufuata habari za safari. Je, basi hufika? Stesheni ya gari moshi i karibu? Barabara hupitika masika na kiangazi? Katika vitabu vya mwaka 2011, kijiji kisicho na huduma kiliandikiwa umbali wake: chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10.

Mwaka huo India ilihesabiwa watu milioni 1,210, na kati yao milioni 833 waliishi vijijini.

Huenda msomaji akadhani kwamba idadi ya watu na habari za basi ni mambo mawili mbalimbali. Kwa mwanakijiji wa India mambo hayo yamefungamana. Desemba 2000 serikali ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Katika nchi tambarare, kitongoji kisicho na barabara kilistahili kupewa kikiwa na watu 500 au zaidi, kwa hesabu ya mwaka 2001. Milimani na jangwani walitosha 250. Vitongoji vya tambarare vilivyo ndani ya mita 500 viliruhusiwa kujumlisha watu wao. Lakini kwa kanuni hiyo, penye watu 490 peke yao ilibidi kungoja.

Kungoja si jambo dogo. Katika kijiji cha Gehlaur, wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar, kilima cha mawe kiliwatenga watu na mji wenye tiba na soko. Mwaka 1959 alifariki Falguni Devi, mke wa kibarua Dashrath Manjhi. Yasimuliwa kwamba hakuwahi kufikishwa kwa daktari. Tangu 1960 hadi 1982 mumewe alikipasua kilima hicho kwa nyundo na patasi, akafungua njia ya mita 110 hivi kwa urefu na mita 9 kwa upana. Mwendo wa kilomita 55 ukapungua kuwa 15. Alipofariki mwaka 2007, serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za taifa.

Siku hizi, barabara ikishafika, hufuata basi, lori la mazao, na yale magari ya magurudumu matatu tuyaitayo bajaji, ambayo jina lake limetoka huko huko India. Hata hivyo barabara peke yake haileti neema yote. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad, katika utafiti uliochapishwa 2020, walilinganisha vijiji vilivyozidi kidogo kiwango cha watu na vile vilivyopungukiwa kidogo. Waliona kwamba barabara iliwawezesha watu wengi kuacha kazi ya shamba wakatafuta ujira kwingine. Lakini mavuno na mali za nyumbani hazikubadilika sana. Shamba huhitaji pia mbegu, maji na mkopo.

Basi, akina mama na akina baba, tusimwone karani wa hesabu kuwa ni msumbufu. Abishapo hodi, atajiwe wote waliomo nyumbani: mtoto aliyezaliwa juzi, bibi asiyetoka kitandani, na mgeni kama karani amemwuliza. Huko India jina moja lililosahauliwa laweza kukipunguzia kitongoji mtu wa 500, na mgonjwa akaendelea kubebwa kwa machela hadi barabara kuu.