UZI: Kisima "kimekauka" ama ni pampu? Kamera ya chini ya maji inajibu nini, na haijibu nini

1/ Kila msimu wa siasa mnasikia kauli mbili. Upande mmoja: "Tumewachimbia visima." Upande mwingine: "Hivyo ni visima hewa, hakuna hata tone." Wote wawili hupigiwa makofi. Lakini kisima ni shimo, na shimo linaweza kuangaliwa ndani. Wacha tuone vile inafanyika. Hapa hatutaji chama wala mwanasiasa.

2/ Kwanza, sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi, salama na ya kutosha ni haki yako. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya huduma za maji. Kibali cha kuchimba hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Mchimbaji akimaliza, anatakiwa kuwasilisha rekodi: kina, aina ya mawe, maji yalipatikana mita ya ngapi, mabomba gani yamewekwa. Shikeni hiyo rekodi akilini, tutairudia.

3/ Sasa, "kimekauka" ni neno moja lenye magonjwa mengi. Pampu imeungua. Paneli za sola zimeibwa. Jenereta haina dizeli. Mchanga umejaa chini. Kutu imeziba matundu ya kuingizia maji. Bomba la ukuta limepasuka. Ama kweli maji yenyewe yameshuka. Kwa mama aliye na mtungi, yote ni mamoja: mfereji hautoi kitu. Kwa mfuko wa umma, si mamoja hata kidogo.

4/ Kamera inaingia hapo. Ni kifaa chembamba kisichopitisha maji, chenye taa zake, kinachoteremshwa kwa kebo kutoka kwenye winchi. Visima vingi vina upana wa inchi 6 hadi 8, kwa hivyo mtu hawezi kuingia. Fundi akiwa juu anaona picha kwenye skrini, na kando yake namba ya mita inahesabu kina. Kamera nzuri hutazama chini na pia hugeuka kutazama ukuta.

5/ Haifanywi kiholela. Kwanza pampu na mabomba yake yatolewe, la sivyo kamera haina njia. Halafu maji yaachwe yatulie, kwa sababu yakiwa na tope utaona ukungu tu. Kwa hivyo mheshimiwa akiinama juu ya kisima na simu mkononi, akarekodi giza na kusema "mnajionea wenyewe", huo si ukaguzi. Hiyo ni kampeni.

6/ Inaonyesha nini? Maji yanaanzia mita ya ngapi. Bomba limepasuka ama kiungo kimeachana wapi. Matundu yameziba kwa kutu ama chumvi. Mchanga umejaa kufikia wapi. Pampu ya zamani ilianguka na kukwama mita ya ngapi. Wakati mwingine utaona maji machafu ya juu yakichuruzika ndani kupitia ufa, na hapo sababu ya watu kuugua inaweza kuanza kueleweka.

7/ Haionyeshi nini? Haionyeshi kisima kinatoa lita ngapi kwa saa. Hilo ni kazi ya jaribio la pampu: maji yanavutwa mfululizo, mara nyingi kwa saa 24, huku wakipima yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani. Pia haionji maji. Floraidi inayoharibu meno sehemu nyingi za Bonde la Ufa haionekani kwa macho. Maabara pekee ndiyo itasema.

8/ Mfano ni Lotikipi, Turkana. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hifadhi kubwa sana ya maji imegunduliwa chini ya ardhi, na nchi ikasherehekea. Vipimo vya baadaye vikakuta chumvi nyingi mno kwa maji ya kunywa. Maji yalikuwepo kweli. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti siku ile ni: yanafaa?

9/ Tuje kwa vita vyenyewe: kina. Tuseme kaunti ililipia mita 250, kamera inagota mita 180. Ni wizi? Pole pole. Huenda mchanga umejaa mita 70. Huenda ukuta uliporomoka. Huenda haikuchimbwa kabisa. Kamera inakuambia inagota wapi na juu ya nini, tope ama mwamba. Baada ya hapo unalinganisha na rekodi ya mchimbaji na risiti za mabomba. Picha bila karatasi ni nusu ya ushahidi, na karatasi bila picha vilevile.

10/ Kwa nini tujali? Kwa sababu jibu rahisi la kisiasa ni "tuchimbe kingine". Kisima kipya kina tenda mpya, utepe wa kukata na picha. Lakini kisima kilichoziba matundu kinaweza kusafishwa, na kilichojaa mchanga kinaweza kuzibuliwa. Kama maji yenyewe ndiyo yameshuka, kuchimba kingine hatua chache kando huenda kukaleta kilio kilekile. Ukitibu bila kupima, unabahatisha na pesa za watu.

11/ Ufanye nini wewe? Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba rekodi. Andika barua, kwa Kiswahili ni sawa, sheria imesema hivyo. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Omba vitu vinne: rekodi ya mchimbaji, matokeo ya jaribio la pampu, majibu ya maabara, na video ya kamera kama ilichukuliwa.

12/ Na ukiletewa video mtandaoni, angalia: Namba ya mita inaonekana? Tarehe na jina la kisima vipo? Imetoka juu hadi chini bila kukatwa? Pampu ilikuwa imetolewa? Kama hakuna, usiisambaze kama ushahidi, hata kama inaumiza ule upande usioupenda.

13/ Kwa hivyo mwingine akisema "visima hewa" na mwenzake "visima vinafanya kazi", usichague upande bado. Uliza: mmeteremsha kamera? Iko wapi rekodi? Kuna kisima kimelala kwenu? Andika hapa chini jina la wadi na tangu lini, si jina la mwanasiasa.