Elimu ya Watu Wazima: Jinsi Simu Inavyosaidia Kujifunza Kusoma

Mkulima wa Kapsoit anapopeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, hupewa risiti yenye kilo zilizopimwa. Malipo yakiingia, ujumbe hufika kwenye simu. Kwa asiyejua kusoma, risiti na ujumbe huo ni mambo ya kusomewa na mtoto, jirani au wakala. Mara nyingi anayesoma ndiye pia anayebonyeza namba ya siri ya M-Pesa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa anayeijua namba hiyo anaweza kuzitoa pesa bila mwenyewe kujua.

Tatizo hili si la Kapsoit pekee. Utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima, uliofanywa mwaka 2006, ulionyesha kuwa asilimia 61.5 ya watu wazima nchini Kenya walijua kusoma na kuandika. Waliobaki walikuwa takriban milioni 7.8. Wanaume waliojua kusoma walikuwa asilimia 64.2, na wanawake asilimia 58.9.

Nani anahusika na masomo haya?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya elimu, bila kutaja umri. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Elimu ya watu wazima iko chini ya serikali ya kitaifa, kupitia Wizara ya Elimu, ambayo ina idara yake maalumu. Kwa hiyo mkazi anayetaka kujiunga na darasa aanzie kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa kaunti ndogo, au aulize katika ofisi ya chifu au naibu wa chifu.

Simu inaingia wapi?

Mfano mzuri unatoka nchini Niger. Kuanzia mwaka 2009, madarasa ya watu wazima yalifunguliwa katika vijiji 113. Wanafunzi wote walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu kwa lugha zao, Kihausa na Kizarma. Katika baadhi ya vijiji, walimu waliongeza somo la kutumia simu ya kawaida ya vitufe, na wanafunzi wakagawiwa simu za kutumia kwa vikundi. Mitihani ilipofanywa, waliojifunza kwa simu walipata alama za juu kuliko wenzao. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Darasa likiisha jioni, daftari hufungwa, lakini ujumbe wa simu huendelea kuandikwa na kusomwa nyumbani na sokoni.

Funzo kwa Kapsoit ni kwamba kabambe inatosha kuanzia. Mwanafunzi anaweza kuanza na tarakimu, ambazo wengi wanazijua kutokana na pesa na mizani. Kisha ajifunze kuhifadhi majina ya jamaa kwenye simu, halafu aandike ujumbe wa maneno mawili au matatu. Anayezungumza Kipsigis nyumbani anaweza kuanza kwa lugha hiyo, kwa sababu maneno yake anayajua tayari. Akishazishika herufi, Kiswahili hakitamlemea.

Mwenye simu ya kisasa ana nyenzo zaidi. Simu nyingi za Android zina huduma ya kusoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo, inayopatikana katika mipangilio, sehemu ya ufikivu. Tangu mwaka 2017, Google pia imewezesha watumiaji kuzungumza kwa Kiswahili na simu ikaandika. African Storybook ina hadithi fupi za bure, zikiwemo za Kiswahili, zenye picha na sentensi chache kila ukurasa. Pale mtandao unaposumbua, programu ya Kolibri huwezesha kituo kuhifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyatumia bila intaneti.

Mambo ya kuzingatia

Simu haichukui nafasi ya mwalimu. Hata nchini Niger, mwalimu alikuwa darasani muda wote. Vilevile, anayeiachia simu imsomee kila kitu hatajifunza. Inafaa afuatishe maneno kwa kidole huku sauti ikisoma, kisha ayarudie mwenyewe sauti ikiwa imezimwa.

Kuhusu pesa, namba ya siri ni ya mwenye simu peke yake. Jambo la kwanza kufundishwa nyumbani liwe kuibonyeza mwenyewe na kusoma kiasi kilichotumwa au kupokewa. Ujumbe unaodai kuwa pesa zimetumwa kimakosa na zirudishwe haraka usifuatwe kabla ya kuangalia salio.

Kuhusu umri, mfano uko hapo jirani, Kaunti ya Nandi. Priscilla Sitienei wa Ndalat, aliyekuwa mkunga, alikaa darasani katika shule ya msingi pamoja na vitukuu vyake akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Familia yenye mzee asiyejua kusoma inaweza kuanza na risiti ya chai ya wiki hii. Mjukuu ashike simu, mzee ashike risiti, na kilo zisomwe na mwenye shamba.