Mita ngapi kutoka mtoni? Ploti ya mpwa wangu Kiandutu

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Thika. Ana miaka sita Kiandutu, amepanga chumba cha mabati, na riziki yake ni kibarua cha kiwandani. "Mjomba, nimepata ploti kwa bei ya kutupa. Nijenge vyumba vitatu, kimoja nikae, viwili nipangishe." Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akanyamaza, kisha akasema iko bondeni kidogo, lakini pakavu.

Pakavu mwezi gani?

Nayaandika haya hapa Pwani kwa kuwa wengi wetu tuna watoto huko bara, na pia kwa kuwa maji yale ni yetu sote. Mto Chania huungana na mto Thika karibu na mji huo, maji yakaingia Masinga na kushuka na Tana mpaka Kipini. Ya mto Ruiru huingia Athi, nasi twayapokea Malindi kwa jina la Sabaki. Mvua ikizidi huko juu, watu wa Garsen huanza kufunganya.

Nilimweleza mpwa wangu hivi. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, hujengi bila kibali cha kaunti, na Kiandutu iko Kaunti ya Kiambu. Ukijenga bila kibali, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Ukipeleka maombi na siku 60 zikapita hujajibiwa kwa maandishi, sheria huhesabu kuwa umekubaliwa. Wengi hawalijui hilo.

Lakini maombi yataka ithibati ya umiliki na michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa. Yule muuzaji alikuwa na karatasi ya makubaliano yenye sahihi tatu, basi. Hapo ndipo sheria inapowaacha nje watu wa mitaa kama Kiandutu. Anayeuza chumba cha mabati hana hati, anayenunua hatapata kibali, na nyumba itasimama vivyo hivyo mpaka siku ya tingatinga au ya maji, yoyote itakayotangulia.

Sasa umbali. Watu husema "mita 30" kama kwamba ni amri moja ya nchi nzima. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zasema tofauti: unaacha nafasi sawa na upana wa mto, isipungue mita 6 wala isizidi mita 30, kila upande. Kijito cha upana wa mita 4 kitadai mita 6. Mto wa mita 20 utadai 20. Tena kanuni hiyo yasema upimaji ufuate kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, yaani pale maji yalipofika mwaka ule mbaya. Maji yanakotiririka leo mchana si hoja.

Nani amekirekodi bondeni Kiandutu? Kwa vijito vikubwa pengine kuna vipimo. Kwa kibonde kisicho na jina, rekodi iko vichwani mwa kina mama waliohamisha magodoro usiku. Na asidhani mtu kwamba kibonde kikavu si mto. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inahesabu mkondo wa maji kuwa ni mfereji wowote wa asili au bonde ambalo maji hupita, hata kama hupita kwa msimu tu.

Twakumbuka masika ya 2024. Watu zaidi ya 200 walifariki nchini, baadhi yao Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili. Baadaye serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame, tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Ni hela ya kodi ya miezi michache. Mimi sipingi watu kuondolewa kwenye njia ya maji, nimeona maji. Ninachokipinga ni kuwaondoa wakati mvua inawanyea, ilhali sheria ya ardhi, tangu marekebisho ya 2016, yataka notisi ya angalau miezi 3 kwa mtu anayeondolewa kwenye ardhi ya umma. Kama hatari ilijulikana, miezi hiyo ilikuwapo wakati wa kiangazi.

Ukiletewa notisi ya kaunti ya kubomoa, uliza iko wapi karatasi, soma tarehe. Una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango. Siku ya 15 utakuwa unaomba huruma tu.

Nikamwambia mpwa wangu asilipe chochote kabla hajazungumza na majirani wa pale, na awaulize wazee kwanza, si vijana waliohamia juzi. Alikwenda Jumapili. Mama mmoja muuza mboga hakujibu kwa maneno. Alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye nguzo ya umeme, akamwonyesha mstari wa matope uliokaukia hapo. Mpwa wangu alisimama kando yake. Ulimfika juu ya goti.

Hakununua. Amebaki kwenye chumba chake cha kupanga, upande wa juu, na bado anaweka akiba. Majuzi alinitumia picha ya ploti ile. Nguzo nne zimeshasimamishwa na mabati yamelazwa chini yakingoja misumari. Asema mnunuzi ni mama mwenye watoto watatu, amehamia karibuni. Nimemwambia arudi kwa yule muuza mboga, waende pamoja wakamwonyeshe ile nguzo ya umeme.