Kinanda cha Kwanza cha Mwana

Mwana aombapo kinanda cha umeme, muuzaji hukimbilia kuwahesabia milio yake: mia nne, mia tano. Sisi twawashauri mhesabu vibonyezo. Piano kamili ina 88. Anayeanza humtosha 61, mradi viwe na upana wa kawaida, kwani vile vyembamba humzoesha nafasi zitakazompotosha vidole siku akikalia piano. Kisha bonyezeni taratibu, halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kirudisheni mahali pake. Hakitamfunza upole wa mkono.

Nyumba za Mji wa Kale hushirikiana kuta, na jirani ana haki yake, basi tundu la hedifoni ni la lazima. Kikikubali betri, ni bora zaidi.

Lipo jingine lisiloulizwa dukani. Taarabu ya kale imechota katika maqamu za Kiarabu, na baadhi yazo, kama rasti na bayati, zina robo ya sauti isiyopatikana katika vibonyezo vya kawaida. Vipo vinanda vinavyoweza kurekebishwa viitoe. Vya bei nafuu aghalabu haviwezi. Ikiwa mwana atamani kufuata nyimbo azisikiazo harusini, ulizeni hilo kabla ya kulipa.