Je, Wajua? Shayiri, nafaka ya wanyonge

Injili zote nne zinasimulia Yesu alivyolisha watu elfu tano, lakini ni Yohana peke yake anayetaja kwamba mikate mitano aliyoitumia, ya mvulana mmoja, ilikuwa ya shayiri. Si jambo dogo. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Hata farasi wa Mfalme Sulemani walilishwa hiyo hiyo. Katika Ufunuo 6, dinari moja inanunua kibaba kimoja cha ngano, au vitatu vya shayiri.

Ndiyo maana ndoto ya Waamuzi 7 inachekesha na kutisha kwa pamoja: mkate wa shayiri unabingirika hadi kambi ya Wamidiani na kuangusha hema. Askari aliyesimuliwa ndoto hiyo akang'amua papo hapo kuwa huo ni upanga wa Gideoni, kiongozi wa Waisraeli aliyejiita mdogo kabisa katika nyumba ya baba yake. (Mkate wa ngano usingemfaa!)

Shayiri pia huiva kabla ya ngano. Naomi na Ruthu, wajane wasio na kitu, walifika Bethlehemu mavuno ya shayiri yakianza. Baadaye Boazi, mwenye shamba, akampimia Ruthu vipimo sita vya shayiri.