Je, Wajua? Ulivyolala Ndivyo Utakavyopumua

Je, wajua kwamba mtu anaweza kukatika pumzi zaidi ya mara 30 kwa saa usingizini, akaamka asikumbuke hata moja? Madaktari huita hali hiyo apnia ya usingizi, na huhesabu kila pumzi iliyoziba kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa tayari ni ugonjwa. Kuanzia 30 ni ugonjwa mkali. Mwenye habari zote ni anayelala naye, ambaye kwa kawaida hasikilizwi.

Je, wajua kosa huanzia mgongoni? Ukilala chali, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma, na misuli ya koo imelegea, haina nguvu ya kuvizuia. Jigeuze ubavu, hewa inapita. Mwaka 1984 Rosalind Cartwright, mtafiti wa usingizi huko Chicago, aliweka kigezo ambacho bado kinatumika: pumzi zikikatika chali angalau mara mbili ya zile za ubavuni, apnia hiyo inafuata mlalo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wako kundi hilo. Waislamu wanaofuata sunna ya kulalia ubavu wa kulia, basi, koo zao zimenufaika bila kuambiwa.

Je, wajua wanaanga hawakoromi sana? Watano walipimwa usingizi ndani ya vyombo vya Marekani vilivyoruka mwaka 1998. Huko juu, pumzi zilizokatika zilipungua kwa takriban nusu, na kukoroma karibu kukaisha. Pasipo uzito, hakuna chali.

Kipimo cha usingizi nacho kina mtego wake: aliyelala ubavu usiku kucha anaweza kuonekana mzima. Uliza ripoti inasemaje kuhusu mlalo.

Je, wajua mpira wa tenisi ni dawa? Hushonewa mgongoni mwa fulana, na kila ukigeuka chali unakuchoma. Unafanya kazi vizuri. Tatizo ni mvaaji. Watafiti wa Australia walipowafuatilia wagonjwa wao miaka kadhaa baadaye, hata mmoja kati ya kumi hakuwa akiuvaa tena. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha shingoni au kifuani kinachotetemeka mpaka ujigeuze, na watu hukivumilia zaidi.

Mashine ya CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan mjini Sydney na kuitangaza mwaka 1981, husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Anayelala chali huhitaji presha kubwa kuliko wa ubavu. Lakini usiiweke kabatini kwa sababu umejifunza kujigeuza: wenye ugonjwa mkali, hasa wanene sana, mara nyingi huziba pumzi kwa mlalo wowote.

Na kurundika mito? Shingo hukunjika, kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa ikabanwa zaidi. Afadhali matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani.