Mulango wenye kuzuia mutoto bila kufungia nyumba nzima



Juma hili ninataka tuzungumuze juu ya mulango wa nyumba. Mumoja wenu atasema: mulango una neno gani? Hata mimi niliwaza vile, mupaka siku moja ya posho hapa Kipese.

Ilikuwa karibu saa ine asubuhi. Nilikuwa ninasahihisha daftari za wanafunzi kwenye meza. Mutoto wangu alikuwa na mwaka mumoja na miezi tisa, na alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria karibu na miguu yangu. Wakati ule tulikuwa tumepokea watu wa familia wenye walikimbia vita kutoka kusini ya Lubero, kisha Kanyabayonga kuanguka mwisho wa mwezi wa 6, 2024. Tulikuwa watu 12 ndani ya nyumba. Huyu anaingia na bidoni ya maji, huyu anatoka na takataka, na mulango haukupumzika. Kila mutu alifikiri kama mutoto yuko na mwingine. Wakati niliinua kichwa, kifuniko kilikuwa pale chini, lakini mutoto hakuwa pale.

Tuliita jina lake. Tuliangalia chini ya vitanda, jikoni, nyuma ya choo. Mama mumoja mwenye alikuwa anatoka shambani na muzigo wa viazi kwenye mugongo ndiye alimuleta, akimushika mukono. Akasema: “Mama mwalimu, huyu si wako? Nimemukuta kwenye njia ya kuteremuka kisimani.” Mutoto alikuwa anacheka. Mimi ndiye nililia.

Jioni ileile bwana wangu alinunua kadena. Kuanzia siku ile tulifunga mulango kwa ndani, muchana na usiku, na ufunguo ulikaa kwenye kikwembe changu ao kwenye mufuko wake. Tuliona kama tumemaliza shida. Lakini majuma machache kisha, tulisikia risasi katikati ya usiku. Watu wote waliamuka, watoto walianza kulia, na hakuna mutu mwenye alijua ufunguo uko wapi. Tuliutafuta na mwangaza wa telefone, tukageuza matandiko yote. Mungu alisaidia: risasi zilikuwa mbali, na hakuna mutu wa mutaa wetu mwenye aliumizwa. Wakati tulipata ufunguo, mama mukwe wangu alisema neno moja tu: “Mulitaka kufungia mutoto, na sisi wote mumetufungia.”

Alikuwa na haki. Kwenye nyumba yenye iko na mutoto mudogo, mulango una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzuia mutoto wa miaka miwili. Kazi ya pili ni kuacha mutu mukubwa atoke usiku, gizani, kwa mukono mumoja tu, kwa sababu mukono mwingine umebeba mutoto. Mulango wenye unafanya kazi moja na kusahau ile ingine unaweza kuleta msiba. Ndugu zetu wa Beni, wenye wanaishi na mauaji tangu mwezi wa 10, 2014, hawana lazima ya kufundishwa neno hilo. Na moto pia hauna saa.

Juu ya nini mutoto anatoka?

Watoto wengi wanaanza kutembea kati ya miezi 9 na miezi 18. Kufikia miaka miwili, mutoto anapanda kiti, anasukuma mulango, na anaiga kila kitu chenye mikono yako inafanya. Si ukaidi. Ndiyo namna yake ya kusoma dunia. Miguu yake imekwisha kufika, lakini woga wa maji na wa pikipiki haujafika bado. Kwa hiyo, kumupiga kwa sababu alitoka hakumufundishi kitu. Kesho atatoka tena.

Tena tukumbuke kama hatari haiko mbali. Mutoto wa umri huo anaweza kuzama ndani ya maji ya sentimita chache. Kichwa chake ni kizito sana kwa kulinganisha na mwili wake mudogo. Akiinama ndani ya ndobo, hawezi kujiinua. Na hapigi kelele. Anazama kimya, wakati wewe uko hatua kumi tu kutoka kwake.

Mulango wa nusu

Fundi mumoja wa mbao, jirani yetu, ndiye alituonyesha njia. Mulango mukubwa tuliuacha wazi muchana kama zamani, mwangaza na hewa viingie. Kwa upande wa inje aliongeza mulango wa nusu, wa mbao za mukaratusi. Haya ndiyo mambo yenye tulijifunza:

1. *Urefu.* Mutoto wa miaka miwili ana urefu wa karibu sentimita 85. Mulango wa nusu ufike metre moja. Mutu mukubwa anaona inje na anasalimia majirani, lakini mutoto hawezi kuvuka.

2. *Mbao zisimame.* Usipige mbao za kulala kama ngazi, kwa sababu mutoto atapanda. Kama mbao za kulala zinahitajiwa kwa kushikanisha, ziwekwe upande wa inje. Nafasi kati ya mbao isipite sentimita 9, kichwa kisipite na kukwama. Chini pia, mulango usiache nafasi ya kutambaa.

3. *Kufunga bila ufunguo.* Kwetu ni kipande cha muti chenye kinazunguka kwenye musumari mukubwa. Kimepigiliwa upande wa inje, karibu sentimita 20 chini ya mwisho wa juu wa mulango. Mutu mukubwa anapitisha mukono juu, anageuza, anatoka. Mutoto wa miaka kumi anaweza pia. Yule mudogo hafiki.

4. *Ufunguke kwa inje.* Watu wakitoka kwa haraka, mulango wenye unavutwa ndani unakwama mbele ya miili. Ule wenye unasukumwa inje unaacha njia.

5. *Hakuna kitu cha kupanda.* Kiti, bidoni, ndobo yenye imefunikwa, gunia la viazi: vyote vikae mbali na mulango.

6. *Mulango wa jikoni pia.* Wengi wetu tunachunga mulango wa mbele na kusahau wa nyuma, wenye unaenda moja kwa moja kwenye moto, kwenye shimo la takataka na kwenye choo.

Kama hauna feza ya bawaba za chuma, vipande vya mupira wa gurudumu la zamani, vikipigiliwa na misumari, vinafanya kazi hiyo vizuri. Kwetu ni hivyo.

Usiku ni jambo lingine, kwa sababu mulango mukubwa ni lazima ufungwe. Tuliacha kadena. Tuliweka chuma cha kusukuma upande wa ndani, kwenye urefu wa metre moja na nusu: mutoto mudogo hafiki, lakini mutoto wa miaka kumi anafika. Kama ni lazima kwenu kutumia ufunguo, uwe na musumari wake karibu na mulango, palepale kila siku, na kila mutu mwenye akili ajue. Kisha mujaribu: muzime mwangaza, na kila mumoja afungue mulango gizani na mukono mumoja. Sisi tulifanya hivyo jioni moja. Mara ya kwanza watoto walicheka sana, lakini kufikia mara ya tatu wote waliweza, hata mama mukwe.

Jambo moja la kukataa

Ninajua kama kuna mama mwenye anafunga watoto kwa inje na kadena, kisha anaenda shambani ao sokoni. Simuhukumu. Ninajua njaa. Lakini mutoto wa miaka saba mwenye anabaki na mudogo wake ndani ya nyumba yenye imefungwa kwa inje hawezi kuwasaidia wote wawili. Moto ukishika godoro, majirani watavunja mulango wakichelewa. Na kwa baridi ya milima yetu, jiko la makala ndani ya nyumba yenye imefungwa linatoa moshi wenye hauonekani na hauna harufu, na wenye unaua watu wakiwa wanalala.

Mulango wa nusu pia hauchungi mutoto. Unakupa muda tu: muda wa kugeuka, kuona, na kumufikia. Macho ndiyo yanachunga, na macho ya mama mumoja yanachoka.

Kwa hiyo ninawaletea wazo kutoka mbali. Katika vijiji vya Bangladesh, watoto wengi wadogo walizama asubuhi, wakati mama walikuwa kwenye kazi. Walianzisha mahali pa kukusanya watoto wa mwaka mumoja mupaka miaka mitano, kuanzia saa tatu asubuhi mupaka saa saba muchana, na mama wa palepale kijijini akawaangalia. Vifo vilipunguka sana. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mambo hayo mawili: kuweka vizuizi kati ya mutoto na maji, na kuwa na mahali pa usalama pa watoto wadogo.

Sisi tuko na likirimba na tuko na salongo. Tunashindwa nini kufanya zamu? Mama watano wa mutaa mumoja, kila mumoja achunge watoto asubuhi moja, ndani ya parsele yenye iko na mulango wa nusu. Asubuhi ine zingine yuko huru kwa shamba. Kama mwalimu, niko na sababu ingine pia. Kila juma ninaona dawati za wasichana wa miaka minane ao tisa zikiwa wazi, kwa sababu walibaki kuchunga wadogo wao. Zamu ya mama itamurudishia musichana masomo yake.

Kwa juma hili ninawaomba jambo moja tu. Keti chini kwenye mulango wako, kichwa chako kiwe kwenye urefu wa kichwa cha mutoto, na uangalie inje. Uone mwenyewe kile chenye kinamuita: maji, njia, kuku, moto. Kisha muzungumuze kwenye kikundi, na muanze na nyumba zenye zimepokea wakimbizi, kwa sababu kule mulango haupumziki.

Kwetu, mutoto anasimama kila asubuhi nyuma ya mulango wa nusu, mikono juu ya mbao, akisalimia kila mutu mwenye anapita kwenda kisimani. Mama wa muzigo wa viazi anamuitika kila siku.

Mubaki na amani ninyi na watoto wenu.